Mjomba akadhani nimenunua chatu!

Kiuno kinauma kwa kukaa kwenye kiti cha Kosta kutoka Newala mpaka Masasi, katikati ya mama mwenye kuku wawili na jamaa aliyekuwa anasinzia begani kwangu kana kwamba tumefunga ndoa.

Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Wale mnaosoma safu hii kwa ajili ya mapenzi tu, nivumilieni wiki moja. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza kuandika programu za kompyuta, na jinsi programu yangu ya kwanza ilivyotaka kuvunja ukoo. Sitanii, jamani!

Wengi mnanijua. Mimi nilimaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kumwonesha mama usiku, umeme ukiwa umekatika. Hisabati ndiyo usiseme, nilipata F iliyonyooka kama mnazi. Mbali na kuwaandikia ninyi, nashinda kwenye duka la steshenari hapa Masasi mjini. Natoa fotokopi, naprinti kadi za michango ya harusi, nachapa barua za watu za kuomba kazi. Za kwangu huwa hazijibiwi.

Siku moja mwalimu mmoja akaja kutoa kopi ya kitabu kinene cha kujifunza lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Kurasa kama kumi zilitoka zimefifia, akazikataa. Bosi akasema nizitumie kufungia karanga. Nikazisoma kabla ya kuzifungia karanga. Washikaji, ndiyo ikawa mwanzo wa soo lote hili.

Kwanza nieleze. Kompyuta ni kama mtumishi mwenye nguvu za ajabu lakini hana akili hata ya kuku. Anafanya unachomwambia, neno kwa neno, hata kama ni upuuzi. Lugha ya programu ndiyo ya kumwambia. Ziko nyingi. Hizi zinazoitwa lugha za skripti ndizo rahisi kuanzia, kwa sababu unaandika mistari yako kadhaa, unabonyeza, unaona majibu hapo hapo. Perl ilitoka mwaka 1987, JavaScript mwaka 1995. Python ilianza kuandikwa mwishoni mwa mwaka 1989 na Mholanzi anayeitwa Guido van Rossum, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Hailipiwi hata senti. Unaichukua bure, unaitumia bure.

Tatizo sikuwa na kompyuta. Ya dukani bosi anaichunga kama mke mdogo. Nikaona nimpigie simu mjomba, Newala.

Kwa wale wa mbali, huku kwetu, uwe Mmakonde, Mmakua au Myao, mjomba si ndugu wa kumsalimia siku ya Idi tu. Ukoo tunauhesabu upande wa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye neno. Ukitaka kuoa, mjomba. Ukifukuzwa kazi, mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nina shida ya pesa. Nataka kujifunza Python."

Kimya. Mjomba alisoma zamani, enzi za Kiingereza cha fimbo, na baadhi ya maneno hayajamtoka.

"Hiyo si chatu?"

"Ndiyo mjomba, lakini..."

"Mpwa wangu, mimi nalala na rungu mlangoni kwa ajili ya nyoka wa bure. Wewe unataka pesa ukanunue wa kulipia?"

Ilinichukua vocha nzima kumweleza kwamba hakuna nyoka. Hata huyo Mholanzi hakuwa na habari na nyoka. Jina alilitoa kwenye kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, aliokuwa anawafagilia kwenye televisheni. Mjomba akasema Wazungu wana mambo, akakata simu. Nikajua nimekosa.

Wiki mbili baadaye, mwezi Agosti, zikaingia kwenye simu yangu laki tatu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kasome. Usifuge kitu." Sikumuuliza kazitoa wapi. Ukipewa huulizi, si ndiyo? Basi, hilo liwekeni akilini.

Nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika, betri yake inakaa dakika arobaini ukiwa na bahati, na kitufe cha herufi A mpaka ukipige ngumi. Lakini ilikuwa yangu!

Usiku wa kwanza nikafuata zile kurasa za karanga. Zilisema niandike hivi:

print "Habari"

Neno hilo la mwanzo maana yake onesha kwenye kioo. Nikabonyeza. Kompyuta ikanitukana kwa maandishi mekundu: SyntaxError. Nikarudia. Ikanitukana tena. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Saa nzima nikiamini ile F ya hisabati imenifuata mpaka chumbani. Kumbe kitabu kilikuwa cha zamani! Toleo la tatu la Python lilitoka mwaka 2008 na likabadilisha mambo, na lile la pili lilizikwa rasmi Januari 1, 2020. Siku hizi lazima uweke mabano:

print("Habari")

Ikatokea: Habari. Wasomaji wangu, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini usiku ule niliinuka nikazunguka chumba mara mbili.

Basi somo la kwanza likawa hilo: maandishi mekundu si matusi. Kompyuta inakwambia imekwama wapi. Soma mstari wa mwisho wa lile kosa, kisha angalia namba ya mstari iliyotajwa. Mara nyingi ni alama moja umeisahau, na mara nyingine kosa liko mstari wa juu yake.

Somo la pili ni kuhifadhi vitu. Fikiria debe lenye jina limebandikwa. Ukiandika

kilo = 412
bei = 3400
print(kilo * bei)

umeweka 412 kwenye debe linaloitwa kilo, 3400 kwenye debe linaloitwa bei, kisha umeamuru zizidishwe. Inatoka 1400800. Majina ya madebe unachagua mwenyewe, kwa Kiswahili chako. Ile nyota ndiyo alama ya kuzidisha.

Somo la tatu ni masharti. Korosho zikifika ghalani zinapangwa madaraja, la kwanza na la pili, na bei si moja. Kumwambia mtumishi wetu asiye na akili ni hivi:

if daraja == 1:
    bei = 3400
else:
    bei = 2900

Maana yake: kama daraja ni la kwanza bei ni hii, vinginevyo ni ile. Angalia hapo ziko alama mbili za sawasawa. Moja ni ya kuweka kitu kwenye debe, mbili ni za kuuliza kama vinalingana. Mimi hiyo imenipotezea Jumapili nzima. Na zile nafasi nne mwanzoni mwa mstari si mapambo. Python inazitumia kujua mstari upi uko chini ya sharti lipi. Ukizikosea, mekundu!

Somo la nne ni kurudia. Newala maji ni kitu cha heshima. Mji uko juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na mvua ikinyesha kila mwenye bati anakinga. Sasa mtume mtoto ajaze tangi kwa ndoo. Humwambii "mimina ndoo, mimina ndoo, mimina ndoo" mara themanini. Unamwambia "tangi likiwa halijajaa, mimina." Kompyuta nayo unaiambia hivyo hivyo. Lakini tangi likiwa limetoboka, mtoto atamimina mpaka kiyama, na programu nayo hivyo hivyo. Ukiona imeganda inazunguka tu, shika kitufe cha Ctrl pamoja na C, itaacha.

Hayo manne yalinichukua mwezi na nusu. Si mchezo. Umeme ukikatika nilikuwa naandika programu kwenye karatasi, nafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Na nawaambia ukweli, zile siku za karatasi ndizo zilizonifundisha zaidi.

Kisha ukafika msimu wa korosho, na ndipo kisa kinapoanza.

Bibi yetu alipofariki aliacha shamba la mikorosho Newala. Warithi ni watatu: mama yangu, mjomba, na mama mdogo. Mjomba ndiye anayelisimamia: salfa ya kupulizia ubwiriunga, vibarua wa kupalilia, magunia, usafiri. Mwisho wa msimu wanagawana sawa kwa sawa. Na kila mwisho wa msimu mama mdogo na mjomba wanakaa miezi mitatu hawasalimiani.

Msiwashangae. Zamani mtu alibeba korosho, akauza, akahesabu noti, basi. Tangu mwaka 2007 mikoa yetu iliingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapewa karatasi, korosho zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, ndipo pesa inakuja imeshakatwa makato yake. Tangu msimu wa 2024/25 minada yenyewe inapita kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kila mnada na bei yake. Ukipeleka mizigo mitatu unaweza kupata bei tatu. Sasa mtu wa daftari na kalamu ya bluu, azidishe, ajumlishe, atoe gharama, agawe kwa tatu, huku dada yake amekaa pembeni amekunja uso! Hata malaika angekosea.

Nikaona hapo ndipo chatu wangu atakapopata kazi. Nikaandika programu ya mgao, nikapanda Kosta.

Ukitoka Masasi na majabali yake unaanza kupanda, na ukifika Newala unakuta upepo wa baridi na watu wamevaa makoti. Kule kwenye Shimo la Mungu, ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Ila siku ile sikwenda kuangalia bonde. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa mjomba. Mama alikuwa ametangulia. Mama mdogo alikuwa ameshakaa, uso umekunjwa tayari kwa kazi.

"Haya," akasema mjomba, "leo hakuna kugombana. Leo tunahesabiwa na chatu wa mpwa wangu."

Programu ikauliza kilo za mzigo wa kwanza. Mjomba akasoma kwenye daftari: 412. Wa pili: 398. Wa tatu: 244. Nikabonyeza. Kompyuta ikaandika:

Jumla ya kilo: 412398244

Mjomba akavaa miwani. Akavua. "Mpwa wangu, hizi ni kilo ngapi?"

Nilihesabu tarakimu. Kilo milioni mia nne na kumi na mbili! Tani laki nne na ushee, mzigo wa kulinganisha na korosho za nchi nzima, zote zimetoka kwenye shamba la bibi! Mama mdogo akasema kama ndivyo, yeye leo hii anahamia Dar es Salaam na nyumba anajenga Masaki. Baraza lote likaangua kicheko. Mimi jasho linanitoka kwenye baridi ya Newala.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana litawapata na ninyi. Mtu akiandika kitu kwa kibodi, Python inakipokea kama maneno, hata akiandika tarakimu. Na maneno ukiyajumlisha hayahesabiwi. Yanabandikwa, moja nyuma ya lingine. Kwa hiyo 412 na 398 na 244 zilipangwa mkiani kama watoto kwenye foleni ya uji. Dawa yake ni kuiambia ibadili maneno kuwa namba kamili. Badala ya

kilo = input("Andika kilo: ")

unaandika

kilo = int(input("Andika kilo: "))

Herufi tatu tu na mabano. Nikasahihisha pale pale, betri inasoma dakika kumi na tisa.

Safari hii ikaja kilo 1054. Nikaingiza bei: 3400, 3150, 2900. Jumla ya pesa 3362100. Mjomba akasoma gharama za shamba, 635100. Ikabaki 2727000. Kwa tatu: 909000 kila mmoja.

Mjomba akafungua ukurasa wake wa mwisho. Alikuwa ameandika 909,000. Sawa sawia! Jamani, mzee alikesha usiku tatu na kalamu yake na hakukosea hata shilingi. Akageuka kumwangalia dada yake kama mtu aliyefunga bao dakika ya tisini.

Mama mdogo hakuvunjika. "Hiyo mashine inajua kuhesabu magunia?"

"Magunia gani?" mjomba akauliza.

"Yaliyotoka shambani. Umehesabiwa ya ghalani. Nataka ya shambani."

Hapo ningekuwa na akili ningesema betri imeisha. Lakini mimi nilikuwa na kichwa kimevimba kwa sifa. Nikasema "Inajua, mama mdogo!" Daftari la mjomba lina kila kitu, mzee ni mtu wa kuandika. Upande wa kushoto kila siku ya kuokota: magunia 2, 3, 4, 3, 2, 2. Upande wa kulia yaliyopelekwa: 5, 5, 3. Hakuna aliyewahi kulinganisha pande hizo mbili, kwa sababu zote tulikuwa tunagombania pesa tu. Nikaandika mistari miwili ya haraka, nikabonyeza.

Shambani: 16
Ghalani: 13
Tofauti: 3

Hakuna aliyecheka.

"Nilisema mimi," mama mdogo akasema polepole. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kila mwaka nasema, naambiwa nina mdomo."

Mama akainamisha kichwa. Mjomba akatazama barabarani, akawa anakunja ncha ya daftari, anaikunjua. Mtu ambaye hajakosea shilingi moja katika milioni tatu, hana la kusema kuhusu magunia matatu.

Ndipo nikakumbuka laki tatu. Zilikuja Agosti. Agosti mikorosho iko kwenye maua, hakuna mtu Newala mwenye laki tatu za kuokota mfukoni.

Wa huku mmeshaelewa. Wa mjini niwaeleze: kuna kitu tunakiita kangomba. Ni mtu anakuja kipindi cha njaa, korosho hazijaanguka, anakupa pesa taslimu kwa bei ya kutupa, na wewe unaahidi kumpa mzigo msimu ukifika. Serikali inakataza, inatangaza kila mwaka, lakini njaa na ada za shule hazisikii redio. Magunia matatu kwa kilo themanini ni kilo 240. Kwa laki tatu, ni shilingi 1,250 kwa kilo. Zingekwenda mnadani na wenzake, kwa bei ya wastani wa msimu wetu, zingeleta kama laki saba na elfu sitini na tano.

Hesabu hiyo sikuifanya kwa kompyuta. Niliifanya kichwani, mimi wa F iliyonyooka, na sijawahi kuomba hesabu iwe na makosa kama siku ile.

Mjomba angeweza kusema. Hakusema. Angenitaja mbele ya mama yangu na dada yake na akawa mtu safi. Alikuwa tayari aitwe mwizi barazani kwake kuliko kumdai mpwa wake.

"Mama mdogo," nikasema, "magunia yenyewe haya hapa." Nikaisukuma ile kompyuta mbele yake.

Hakuelewa. Nikamweleza yote: simu, chatu, Agosti, laki tatu. Mjomba akanikatiza, "Mpwa, nyamaza," mara mbili. Sikunyamaza. Nilipomaliza betri nayo ikazima yenyewe, kioo kikawa cheusi.

Mama mdogo aliiangalia ile mashine kwa muda. Akaigusa herufi A, ikagoma. Akasema, "Kwa hiyo hii ni mali ya marehemu."

"Ndiyo."

"Basi theluthi yake ni yangu." Akamgeukia kaka yake. "Na wewe, ungeniuliza. Ningekataa, halafu ningekubali. Lakini ungeniuliza."

Mjomba akasema, "Ni kweli." Maneno mawili tu. Kwa umri wangu huu sijawahi kumsikia mjomba akimwambia dada yake maneno hayo.

Kilichoamuliwa ni hiki. Laki saba na sitini na tano ukigawa kwa tatu ni 255,000. Hilo ni deni langu kwa mama mdogo, nami nikakubali mbele ya watu. Kwa mama yangu pia ni 255,000, ila yeye amesema tutaongea nyumbani, na mnajua maana ya maneno hayo. Theluthi ya mjomba amenipa. Na kuanzia msimu ujao programu ina upande wa kushoto na upande wa kulia, na mtu yeyote akitaka pesa ya dharura inaandikwa kabla korosho haijaanguka.

Wasomaji, hapa nataka niseme kitu kimoja kisha niwaache. Programu yangu haikukosea. Ilisema tofauti ni tatu, na ilikuwa tatu. Lakini haikujua kama tatu hizo ni wizi au ni upendo, na kama nisingefungua mdomo, tungeondoka pale na jibu sahihi na mtu asiyestahili akiwa mwizi. Kwa hiyo ukijifunza kitu hiki, usikifanye hakimu. Wewe uliyeingiza namba ndiye unayejua zilikotoka.

Haya, kwa wanaotaka kuanza, maana najua barua zitakuja.

Usisubiri kompyuta mpya. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka programu ya Pydroid 3 na kuandika Python kwenye simu, hata bando likiisha inaendelea. Ukipata bando, YouTube imejaa masomo. Chagua moja ulimalize, usirukeruke kama panzi.

Usikariri. Andika kwa vidole vyako, usinakili na kubandika. Kila siku kitu kimoja: leo madebe, kesho masharti, keshokutwa kurudia. Kisha jifunze kufunga mistari kadhaa pamoja na kuipa jina, kama unavyomtuma dogo dukani. Unampa pesa, anarudi na chumvi, njia aliyopita haikuhusu. Python unaanza na neno def.

Usiogope Kiingereza chake. Maneno yenyewe ni machache, hayafiki hata arobaini, na mengine yote unayataja mwenyewe kwa Kiswahili. Na kama hata hayo yanakukera, iko lugha inaitwa Nuru, iliyotengenezwa na Watanzania, maneno yake ni Kiswahili kitupu. Kuonesha kitu unaandika andika("Shikamoo mjomba"), sharti ni kama na sivyo, kurudia ni wakati. Mimi nilipoiona nilicheka peke yangu dukani, bosi akadhani nimepata zali.

Na la mwisho, tafuta tatizo lako mwenyewe. Si mifano ya kitabuni ya kuhesabu matofaa. Chukua mahesabu ya genge la dada yako, au michango ya msiba, au ratiba ya timu ya mtaani. Tatizo likiwa lako hutalala mpaka litoke.

Mimi sasa kikundi kimoja cha VICOBA cha akina mama hapa sokoni Masasi kinanipa kazi ya kutunza hesabu zao za hisa na mikopo. Si mshiko wa kutisha, lakini kila wiki nampelekea mama mdogo elfu kumi na mbili. Nimeandika na programu yake, fupi kuliko zote:

deni = 255000
while deni > 0:
    deni = deni - 12000

Ukiibonyeza inamaliza kabla hujapepesa jicho. Mimi niko wiki ya saba. Limebaki 171,000.

Jumapili iliyopita mjomba alinipigia. "Mpwa wangu, huyo chatu wako hajambo?"

"Hajambo mjomba. Anakula."

"Mlishe vizuri," akasema. "Mama yako mdogo anamuulizia."

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na yule dada wa Ndanda aliyeandika kuhusu mchumba mwenye simu tatu, barua yako nimeipata, usikonde. Wiki ijayo ni zamu yako.